Herufi tatu, sentensi nzima

Huku Mlola ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nimeshika kikombe cha chai, acha nimalizie ile ahadi.

Juzi mama mmoja alikuwa amekaa pembeni yangu na mwanae mgongoni, akaniona naandika kwenye kompyuta. Akacheka. "Nesi, umebonyeza herufi tatu tu, mbona mstari mzima umejaa wenyewe?" Nikamwambia ni kifupisho nimekitega. Akauliza tena, "Nani alianza mambo hayo?" Hapo ndipo nilipokwama kidogo, nikaenda kusoma.

Kwanza ujue wewe mwenyewe unaishi na vifupisho. Bahasha ya dawa ikiandikwa 1x3 unajua ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. BCG ile ya begani ni kifupisho kinachobeba majina ya Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, na chanjo yenyewe ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1921. Mkono ukichoka kuandika kitu kilekile, utakifupisha tu. Uvivu huo ni wa zamani sana.

Ila kilichowafanya watu wafupishe kwa bidii ni pesa. Mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa na waya wa simu uliopita chini ya bahari, kutoka Aden ukashuka mpaka Durban. Kabla ya hapo habari ilisubiri meli. Sasa ilifika upesi, lakini ulilipia kila neno! Basi wafanyabiashara wa dunia wakatumia vitabu vya siri za maneno: neno moja fupi, maana yake sentensi nzima. Kitabu kimojawapo kilichopata umaarufu ni cha Bentley, cha mwaka 1906, ambacho kila sentensi ilipewa herufi tano. Unaandika herufi tano huku, mwenzako kule anafungua kitabu chake, anasoma sentensi. Hebu niambie, hicho si kilekile nilichokitega kwenye kompyuta yangu?

Na hatari yake ilikuwa ileile. Mwaka 1887 huko Marekani, mfanyabiashara wa sufu wa Philadelphia aitwaye Frank Primrose alimpelekea wakala wake simu ya vifupisho. Ndani yake mlikuwa na neno BAY, ambalo kwenye kitabu chao lilimaanisha "nimenunua". Njiani likageuka BUY, ambalo kwa Kiingereza ni "nunua". Kwenye alama za simu, A na U zinatofautiana kwa nukta moja tu. Nukta moja! Wakala akaingia sokoni akanunua sufu kwa kasi, na Primrose akapata hasara ya zaidi ya dola 20,000. Akaishitaki kampuni ya simu hadi mahakama kuu kabisa ya nchi. Mwaka 1894 wakamwambia anachostahili ni nauli ya ile simu: dola 1 na senti 15.

Kwa nini? Kwa sababu karatasi ya kampuni ilisema wazi kwamba ukiongeza nusu ya bei, ujumbe wako utarudishwa ulikotoka ulinganishwe. Primrose hakuongeza. Mimi hapa namwonea huruma, lakini ile nusu ya bei inanikaa kichwani kila siku kazini.

Kwenye kompyuta hadithi ni fupi. Miaka ya 1970 Larry Tesler na Tim Mott, wakiwa Xerox kule California, walitengeneza namna ya kukata, kunakili na kubandika maneno. Programu ya Word nayo ilikuwa na mahali pa kuhifadhi sentensi: unaandika jina fupi, unabonyeza F3, sentensi inatoka. Halafu Dean Hachamovitch wa Microsoft akawaza, kwa nini mtu abonyeze F3 wakati kila baada ya neno anabonyeza nafasi? Ndiyo AutoCorrect hiyo, iliyokuja na Word ya mwaka 1993. Ilianza na kurekebisha makosa ya haraka haraka, lakini wajanja wakaigeuza mashine ya vifupisho. Unaweka herufi zako upande mmoja, sentensi upande wa pili, kazi imekwisha. Simu yako pia inaweza, tafuta kamusi binafsi kwenye mipangilio ya kibodi. Wewe unayeuza kabichi na maharage na kila siku unaandika bei zilezile na namba ileile ya malipo, itakufaa sana. Namba ya siri usiiweke humo, tafadhali.

Sasa niwaambie langu. Zamani, kwenye kituo kingine kabisa, nilitega herufi tatu ziandike: "Mtoto ananyonya vizuri, hana homa, hatapiki." Nilijisifu nayo. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, nikabonyeza zile herufi kwa mazoea tu, kabla mama hajamaliza kueleza. Mtoto alikuwa ametapika usiku kucha. Zamu ikabadilika, mwenzangu akasoma maandishi yangu, akataka kumruhusu arudi nyumbani. Yule mama alikuwa mpole, wa kuinamisha uso, lakini siku hiyo alisema, "Samahani dada, hapo mmeandika nini?" Akasomewa. Akakataa. Mtoto akaangaliwa upya, akaongezewa maji, kesho yake wakaondoka naye akicheka.

Siku hiyohiyo nilikifuta kile kifupisho. Sasa nikibonyeza zile herufi zinatoka hivi: "Kunyonya: ___ Homa: ___ Kutapika: ___" Sina budi kuuliza ndipo nijaze. Inanichelewesha kidogo, na foleni wananung'unika, najua.

Kwa hiyo ukiona nesi anabonyeza mara tatu na mstari unajaa, mwambie tu, "Dada, nisomee ulichoandika." Primrose angelipia nusu ya bei zaidi. Wewe hulipi kitu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaandika kuhusu ile APGAR ya mtoto anapozaliwa, maana watu wengi wanadhani ni kifupisho kumbe ni jina la daktari mwanamke. Mwenye swali aniachie hapo chini.