Jina Limefutwa, Mtu Bado Yumo

Unasoma uchimbaji data na kanzidata? Basi ijue na hii. Miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts, Marekani, liliwapa watafiti rekodi za matibabu za watumishi wake. Majina yalifutwa, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vikabaki. Gavana William Weld akawatoa watu hofu: siri zenu ziko salama.

Latanya Sweeney, mwanafunzi wa MIT, akanunua kwa dola 20 daftari la wapiga kura wa Cambridge, alikoishi gavana. Waliozaliwa siku ileile walikuwa 6, wanaume 3, wenye msimbo wake, yeye peke yake. Majedwali mawili yakaunganishwa, matibabu ya gavana yakajulikana.

Kwa hiyo ukiunganisha majedwali, usiulize tu kama yanaungana. Uliza nani atajulikana.