Kesi ya Cheng Yi Liang

Kesi ya Cheng Yi Liang (2011–2012) ni kesi ya jinai kuhusu biashara ya hisa kwa kutumia siri za ofisini. Ilisikilizwa katika mahakama ya shirikisho ya Greenbelt, Maryland, pembezoni mwa Washington, D.C. Mshtakiwa alikuwa mkemia wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, aliyeajiriwa huko tangu 1996. Kati ya kampuni alizochezea hisa zake, mbili zilishughulika na dawa za ubongo na akili: Vanda Pharmaceuticals, wakati huo ikiwa Rockville, Maryland, na Clinical Data ya Massachusetts, iliyonunuliwa na Forest Laboratories muda mfupi baada ya dawa yake kupitishwa.

Mtu wa ndani tuliyemzoea ni mkurugenzi au meneja wa kampuni. Huyo sheria ya Marekani inammulika: akinunua au kuuza hisa za kampuni yake, ana siku 2 za kazi kuripoti kwa SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji, na ripoti yake husomwa na yeyote anayetaka. Liang hakuwa na cheo katika kampuni hizo. Alikaa upande wa pili wa meza, serikalini, ambako faili za kampuni zote hupita. Kwa macho yangu hapo ndipo uzito wa kesi ulipo.

Kampuni changa ya dawa mara nyingi hutegemea dawa moja tu, na uamuzi wa FDA ndio kufa kwake au kupona. Vanda iliyajua hayo. Mwaka 2008 FDA iliikatalia Fanapt, dawa yake ya skizofrenia, na hisa zikaporomoka hadi kukaribia dola 1. Ombi likarudishwa mezani, na tarehe 6 Mei 2009 dawa ikapitishwa, jambo ambalo wengi sokoni hawakulitarajia. Siku iliyofuata bei ilipanda mara kadhaa. Liang, aliyekuwa amekwisha kununua, alivuna zaidi ya dola milioni 1 kwa dawa hiyo peke yake.

Chanzo chake kilikuwa DARRTS, mfumo wa kompyuta ambamo FDA hutunza maombi ya dawa na hatua iliyofikiwa. Biashara yenyewe aliifanya kwa akaunti za majina ya watu wengine, mojawapo ya mama yake mzee aliyeishi China. SEC ilihesabu matangazo 27 ya FDA, yaliyohusu kampuni 19, ambayo alikuwa ameyatangulia. Dalili zikionyesha tangazo baya, aliuza kwa kukopa hisa, akasubiri bei ishuke.

Aliponzwa na Viibryd, dawa ya sonona ya Clinical Data. Januari 2011 wachunguzi walikuwa wamekwisha kuweka katika kompyuta yake ya kazini programu ya kupiga picha za skrini, nazo zilimnasa akipekua habari za dawa hiyo ndani ya DARRTS. Viibryd ilipitishwa tarehe 21 Januari. Akauza hisa za Clinical Data alizokuwa amekwisha kununua, na kupata takriban dola 380,000. Mwezi uliofuata Forest ilikubali kuinunua Clinical Data kwa dola 30 kwa kila hisa, na nyongeza ya hadi dola 6 iwapo malengo ya mauzo yangefikiwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukumbuka KenolKobil mwaka 2018, pale mamlaka ya masoko ya mitaji ya Kenya ilipochunguza ununuzi wa hisa uliotangulia tangazo la Rubis ya Ufaransa kuichukua kampuni hiyo. Huko siri ilihusu ununuzi wenyewe. Kwa Liang siri ilikuwa mali ya mwajiri wake, na tangu hukumu ya O'Hagan ya 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani inauhesabu utumiaji wa siri ya namna hiyo kuwa ulaghai, hata kama mtu si wa kampuni husika.

Alikamatwa Machi 2011, akakiri Oktoba makosa mawili: ulaghai wa hisa, na kutoa taarifa za uongo kwa kuficha mapato hayo kwenye fomu ya mali aliyoijaza kama mtumishi wa umma. Tarehe 5 Machi 2012 Jaji Deborah Chasanow alimhukumu kifungo cha miaka 5, na serikali ikataifisha takriban dola milioni 3.7.