Habari za Visiwa vya Solomon

Wengi hudhani ya kuwa jiografia ni kukariri majina ya milima na mito. Lakini mwanafunzi akitoka darasani, akatembea katika nchi na kuwauliza wenyeji, ndipo atambuapo ya kuwa ardhi ina habari zake, na pengine ni habari za machozi. Na tutazame visiwa vya Solomon, vilivyo katika bahari ya Pasifiki, mashariki ya Papua Guinea Mpya.

Visiwa hivi viliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1893, vikapata uhuru tarehe 7 Julai 1978. Hapo kwanza makao ya serikali yalikuwa Tulagi. Lakini tangu Agosti 1942 hata Februari 1943 Wamarekani na Wajapani walipigana vikali katika kisiwa cha Guadalcanal, na Wamarekani wakajenga huko kambi kubwa. Vita ilipokwisha, serikali ikahamia hapo, ndio mji wa Honiara. Basi watu wa kisiwa cha Malaita wakavuka bahari, wakatafuta kazi mjini na katika mashamba ya michikichi.

Katika sehemu nyingi za Guadalcanal ardhi hurithiwa kwa upande wa mama. Walakini wanaume wengine waliwauzia wageni ardhi pasipo shauri la dada zao, na vijana walipokua wakajiona hawana urithi. Mwishoni mwa mwaka 1998 wakashika silaha, wakawafukuza Wamalaita. Watu wapatao 20,000 wakakimbia. Wamalaita nao wakaunda jeshi lao, hata tarehe 5 Juni 2000 wakamkamata waziri mkuu.

Siku hizo walikuwako watawa wa Kianglikana waitwao Udugu wa Melanesia, chama kilichoanzishwa mwaka 1925 na Ini Kopuria, aliyekuwa askari polisi. Hao walisimama kati ya kambi mbili bila silaha. Mwaka 2003 mmoja wao, Nathaniel Sado, aliuawa na watu wa Harold Keke. Ndugu sita wakaenda kumtafuta. Nao pia wakauawa. Tarehe 24 Julai mwaka ule askari wa Australia na nchi jirani wakafika, na mwezi wa Agosti Keke akajisalimisha. Msaada huo ulikaa hata Juni 2017.

Basi mwanafunzi aendaye huko na daftari lake ataona shamba, barabara na mji. Lakini asipouliza shamba lilitoka kwa nani, wala kusikiliza kina mama na wageni waliofukuzwa, atarudi na picha tupu. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, ila mwenyeji hana budi kuulizwa kwanza. Sisi walimu, tuwapelekapo watoto kupima mashamba ya kijiji, tuanze kwa kubisha hodi.