Kwa nini kipanya kipya hugoma kwenye Linux ya zamani

Leo tuzungumzie kifaa ambacho hakuna anayekifikiria mpaka siku kigome: kipanya.

Hapa Nyamasaria, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Nairobi, kuna mama mwenye kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kompyuta yake ina Debian 3.0, toleo la Julai 2002, na ndiyo inayolipa karo ya watoto. Kipanya chake kilipokufa akanunua cha USB, kikakataa. Fundi mmoja akamwambia atupe mashine yote. Je, mashine ilikuwa na kosa gani? Jibu liko kwenye historia.

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 kule California na Bill English, kutokana na wazo la Douglas Engelbart. Kilikuwa cha mbao. Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991, vipanya vingi vya PC vilikuwa vya siriali, vikituma biti 1200 kwa sekunde. Shida ni kwamba kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Vya Microsoft vilituma baiti 3 kwa kila mwendo, vya Mouse Systems baiti 5. Kwa hiyo wewe mwenyewe ulilazimika kuandika kwenye faili: kipanya kiko tundu gani, na kinasema lugha gani. Ukikosea moja tu, mshale ulirukaruka kama panzi!

Kumbe lilikuwepo tundu jingine pia, lile la duara lenye pini 6, ambalo IBM ilileta mwaka 1987 na kompyuta zake za PS/2. Kwenye Linux lilijulikana kama /dev/psaux. Mwaka 1996 Microsoft ikatoa IntelliMouse yenye gurudumu, na baiti 3 hazikutosha tena. Ikabuniwa hodi ya siri: kompyuta inakiagiza kipanya kitume taarifa mara 200 kwa sekunde, halafu 100, halafu 80. Kipanya kinachoijua hodi hiyo kinaanza kutuma baiti 4. Lugha hiyo inaitwa ImPS/2.

USB nayo ilitoka mwaka huohuo wa 1996. Kerneli 2.4 ya Januari 2001 ilikuja na USB ndani yake, pamoja na mlango mmoja wa vipanya vyote, /dev/input/mice. Desemba 2003 kerneli 2.6 ikapitisha hata vipanya vya PS/2 kwenye njia hiyo. Septemba 2007 seva ya X.Org 1.4 ikaweza kupokea kipanya kilichochomekwa wakati kompyuta inafanya kazi. Tangu hapo watu wakasahau kabisa mambo ya kuhariri faili.

Sasa mnaona Debian ya 2002 ilipokaa? Katikati. Kerneli yake inaijua USB, lakini kwenye mashine ya mama sehemu ya picha imeambiwa isikilize /dev/psaux peke yake. Kipanya kinaongea mlango huu, mwenye nyumba anasikiliza mlango ule.

Na ile adapta ndogo ya kijani? Ni nyaya tu, haitafsiri chochote. Inasaidia pale tu kipanya chenyewe kinapojua lugha zote mbili, na vingi vya siku hizi vinajua USB pekee.

Dawa ni hii. Ingia kama root, kisha:

modprobe usb-uhci
modprobe hid
modprobe mousedev
cat /dev/input/mice

Kama chipu ya USB si ya Intel wala VIA, jaribu usb-ohci badala ya usb-uhci. Sogeza kipanya. Ukiona takataka za herufi kwenye skrini, furahi, kinaongea! Bonyeza Ctrl+C. Weka nakala ya /etc/X11/XF86Config-4, kisha uifungue na kwenye sehemu ya kipanya uandike:

Option "Protocol" "ImPS/2"
Option "Device" "/dev/input/mice"
Option "ZAxisMapping" "4 5"

Mstari wa mwisho ni wa gurudumu. Ongeza majina yale matatu kwenye /etc/modules ili yapakiwe kila ukiwasha, halafu anzisha X upya. Mama anachapa barua zake kama kawaida.

Tahadhari moja: Debian 3.0 iliacha kupata marekebisho ya usalama Juni 2006. Kwa kuchapa tu ni sawa, ila usiiunganishe na intaneti.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akikwambia kompyuta imekufa, muulize kwanza ni ya mwaka gani, na kifaa kipya ni cha mwaka gani. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Ni wa vizazi viwili, wanahitaji mtu wa kuwajulisha.