Mjinga Mwenye Hekima: Safari ya Mhusika na Tatizo la Jina Lake

Miongoni mwa dhana za fasihi ambazo bado hazijapata jina lililotulia katika Kiswahili, imo ile ya mhusika anayedhaniwa na wote kuwa hana akili, kumbe ndiye pekee anayeona yale wasiyoyaona wenye akili. Mfasiri anayemkuta katika tamthilia au hekaya za kigeni huwa na maneno mengi mkononi: mjinga, mpumbavu, juha, zuzu, bwege, punguani, mchekeshaji. Kila moja hushika upande mmoja wa dhana na kuuacha mwingine. Jambo hili si dogo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mtu fulani katika mchezo ni mpumbavu, atayasoma maneno ya mtu huyo kama upuuzi, na hivyo ataupita ukweli wote wa mchezo bila kuuona.

Kabla ya kuunda neno, yafaa tuulize kama lugha yetu haijapata kukutana na mhusika huyu. Jibu ni kwamba imekutana naye zamani, tena zaidi ya mara moja.

Tuanze na Baghdad. Katika enzi ya Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 hadi 809, aliishi mshairi aliyeitwa Abu Nuwas. Alizaliwa Ahvaz, katika nchi ya Uajemi, akafariki Baghdad yapata mwaka 814 au 815. Wanazuoni wa fasihi ya Kiarabu wanamjua kwa mashairi yake, hasa yale ya kusifu mvinyo, ambayo yalimpa sifa na lawama kwa pamoja. Baada ya kufa kwake, watambaji walimchukua wakamfanya mtu wa hekaya. Anaonekana katika Alfu Lela Ulela akiwa pamoja na Khalifa, na hekaya zake zikavuka bahari zikafika mpaka nchi za Wamalei, ambako wanamwita Abu Nawas.

Pwani yetu nayo ilimpokea, lakini ilipokea nusu yake tu. Mshairi aliachwa Baghdad. Aliyeteremka bandarini ni Abunuwasi, mtu wa kujibu mfalme, kuwaumbua makadhi na kuwatoa maskini katika mashaka. Wasomaji wengi wanaikumbuka hekaya ya maskini aliyeshtakiwa kwa kushibia harufu ya chakula cha tajiri, naye Abunuwasi akamlipa tajiri yule kwa mlio wa fedha. Wanaikumbuka pia ile ya sufuria iliyozaa na kisha ikafa. Katika hekaya hii ya pili Abunuwasi anajitia ujinga: anasema jambo ambalo hata mtoto hawezi kulisadiki, na jirani yake analikubali kwa sababu lina faida. Akiisha kukubali kwamba sufuria huzaa, hana njia ya kukataa kwamba sufuria hufa. Huu ndio utaratibu wenyewe wa mhusika tunayemtafutia jina. Ujinga wake ni kioo, na anayejitazama humo ni mwerevu.

Lakini hekaya ya sufuria haikuwa ya Abunuwasi peke yake. Kwa Waarabu husimuliwa juu ya Juha, na kwa Waturuki juu ya Nasreddin Hoca, ambaye mji wa Akşehir unamhesabu kuwa mtu wake wa karne ya 13. Juha ni wa zamani zaidi. Ibn al-Nadim, aliyeorodhesha vitabu vya Waarabu huko Baghdad katika mwaka 987, alikitaja kitabu cha visa vyake. Basi Juha huyu naye alifika kwetu, na hapa ndipo historia ya msamiati inapokuwa tamu. Hakufika kama mtu. Alifika kama nomino ya kawaida. Juha, majuha: mtu asiye na akili hata kidogo. Hekima yake yote ilipotea njiani. Mwaka 1971 Farouk Topan alipoipa tamthilia yake jina la *Mfalme Juha*, hakuna msomaji wa Kiswahili aliyetazamia kukuta humo mwenye busara juu ya kiti cha enzi.

Kwa hiyo Kiswahili kilimgawa mtu mmoja mafungu mawili. Ujinga kikampa Juha, werevu kikampa Abunuwasi. Mgawanyo huu unaeleza kwa nini neno moja la kuunganisha pande zote mbili linatupa taabu leo. Yeyote atakayependekeza tumwite mhusika huyu juha, atakuwa na haki kwa upande wa asili ya neno, lakini hatakuwa na haki kwa upande wa matumizi. Na istilahi huishi kwa matumizi.

Waarabu wenyewe walikuwa na jina la dhana hii. Al-Nisaburi, aliyefariki mwaka 406 wa Hijria, yaani 1015 au 1016, aliandika kitabu kizima juu ya watu aliowaita wenye akili miongoni mwa wendawazimu. Humo yumo Bahlul, wa zama zile zile za Harun al-Rashid, ambaye katika visa vyake wazimu unampa ruhusa ya kumwonya Khalifa usoni. Ni vema kumtenga Bahlul na Abunuwasi. Abunuwasi ana hila na mara nyingi anapata kitu. Bahlul hapati kitu wala hataki. Sungura wa ngano zetu yuko mbali zaidi nao wote wawili, kwa maana yeye hajifanyi mjinga ila kwa ajili ya tumbo lake. Sungura ni mjanja, na neno hilo linamtosha.

Ulaya haituchukulii muda mrefu. Erasmus alichapisha sifa zake za upumbavu mwaka 1511, akimweka Upumbavu mwenyewe ahutubie. Waingereza walitenganisha mjinga wa kuzaliwa na mjinga wa kuajiriwa, yaani aliyelipwa na bwana mkubwa ili aseme yale ambayo wengine wangepigwa kwa kuyasema. Shakespeare alipompata mwigizaji Robert Armin, yapata mwaka 1599, wachekeshaji wake walibadilika wakawa watu wa fikra. Mkubwa wao ni yule asiye na jina katika *King Lear*, anayemwambia mfalme kwamba ameugawa ufalme wake bila akili.

Sasa turudi nyumbani, kwa Shaaban Robert. Katika *Kufikirika*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, mwana wa mfalme ni mgonjwa, na inasemwa kwamba tiba yake ni kafara ya mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Na katika riwaya hiyo hiyo yumo mtu anayeitwa Utubusara Ujingahekima. Mwandishi hakutuachia kamusi ya majina yake, lakini alituachia neno. Ujinga na hekima vimeshikamana bila hata kiungo, kama kwamba lugha ilikuwa ikilingoja.

Rai yangu ni kwamba tusitafute mbali zaidi. Mhusika na aitwe mjingahekima, wingi wajingahekima, na dhana yenyewe ibaki ujingahekima. Wapo watakaolikataa kwa sababu ya mjinga. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 neno hili lilitumika pwani kwa mtumwa mgeni aliyetoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi za mji. Ni historia chungu. Hata hivyo naona inaliunga mkono neno badala ya kulipinga. Mjinga wa Kiswahili ni mtu asiyejua bado, si mtu asiyeweza kujua. Huyo wa pili ni mpumbavu. Na waliotunga methali kwamba mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, walijua vema nani alikuwa akiitwa mjinga na nani alikuwa akimwita.

Linabaki suala la yule wa kuajiriwa. Yeye si mjingahekima wakati wote, kwani wengine walilipwa kwa kuchekesha tu. Kwa huyo mchekeshaji wa mfalme yatosha, na mfasiri atazame kila mara ni nani aliye mbele yake kabla ya kuchagua. Ama Bahlul, sioni namna ya kumwita mchekeshaji.