Dhiki ya Nafsi na Maradhi ya Ngozi

Dhiki ya nafsi, yaani msongo uletwao na huzuni, hofu au fikira zisizotulia, haiyazui peke yake maradhi ya ngozi yenye uvimbe na mwasho, kama vile pumu ya ngozi na soriasisi, bali huyachochea kwa mwenye asili nayo. Ubongo ulioingiwa na wahaka huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumimina kortisoli, ambayo kwa kawaida hutuliza uvimbe. Lakini dhiki ikidumu, kinga ya mwili hulegea kuitii homoni hiyo, ngozi hupoteza unyevu, neva huziamsha chembe zenye histamini, mgonjwa akajikuna usiku kucha, na kukosa usingizi kukazidisha dhiki. Kituntu, wilayani Karagwe, ambako riziki hutegemea ndizi na kahawa, mnyauko wa migomba ni sababu ya kutosha ya wahaka, ijapokuwa tabibu huulizia sabuni na chakula kabla ya shamba. Tena mabingwa wa ngozi, wa kumsaidia tabibu huyo, ni adimu. Wengi wa matabibu wa fani hii wamesomea Moshi, katika kituo cha kanda cha mafunzo ya tiba ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 hospitalini KCMC.