Kukubaliana kwa Maana Moja: Historia Fupi ya Lugha ya Mikataba katika Ufipa

Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo ingali ikitumika Tanzania Bara, ina kifungu kimoja ambacho mwanalugha hana budi kukisoma mara mbili. Kifungu hicho, cha 13, chasema kwa ufupi ya kuwa watu wawili au zaidi huhesabiwa kuwa wameridhiana pale tu wanapokubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Wakili hukisoma kifungu hiki akatafuta humo hoja ya kumtetea mteja wake. Lakini mwanalugha huona humo swali la taaluma yake mwenyewe: maana ile ile hupatikanaje baina ya watu wasiotumia lugha moja, au wanaotumia lugha moja huku karatasi iliyo mbele yao ikisema lugha nyingine?

Katika makala haya nataka kulifuata swali hilo katika mahali pamoja, yaani Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa. Nitaonyesha kwamba siasa za nchi zimebadili lugha ya mahakama zaidi ya mara moja, na kila badiliko lilikuwa na kheri yake. Walakini lugha ya hati yenyewe, ile ambayo mtu hutia sahihi au kidole chake, imekawia nyuma.

Ufipa ni uwanda wa juu ulio baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Kifipa, ambacho Guthrie alikiweka katika kundi lake la M, ni jirani wa karibu wa Kimambwe na Kirungu. Kabla ya kuja wageni kutoka Ulaya, Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, na katika bonde la Rukwa walifuma nguo za pamba. Penye jembe la kuuza na nguo ya kununua hapakosi deni, na penye deni hapakosi makubaliano. Hata masimulizi ya asili ya utawala wao, ambayo Roy Willis aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1981, ni habari ya mapatano: wanawake wageni wa ukoo wa Watwa waliketi juu ya kiti cha mtawala wa Milansi naye yumo mawindoni, na aliporudi yeye akabaki na Milansi yake, nao wakatwaa nchi. Mapatano ya namna hiyo hayakuandikwa, bali yalisemwa mbele ya watu wenye lugha moja, na kila aliyesikia aliweza kuulizwa.

Maneno ya biashara ya maandishi yalifika pamoja na misafara na majahazi ya ziwani, ambako Kirando ilikuwa mojawapo ya bandari za Waswahili. Wakili, mkataba, rehani, dhamana, hawala na deni ni maneno ya asili ya Kiarabu. Hundi latoka Bara Hindi. Kisha Wajerumani wakajenga boma lao Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, nao wakakifanya Kiswahili kuwa chombo cha utawala. Neno *shauri* walilipenda hata wakaliandika kwa tahajia ya kwao. Shauri ni neno pana: ni nasaha, ni mpango, tena ni kesi. Aliyeitwa bomani “kwa shauri” hakuweza kujua kwa neno hilo peke yake kama anaitwa kuulizwa rai yake au kuhukumiwa.

Waingereza waliiteka Bismarckburg mwaka 1916, na baadaye makao ya wilaya yakawa Sumbawanga. Sheria ya mikataba waliyoileta haikutungwa kwa ajili ya Tanganyika. Ilikuwa ile ya Bara Hindi ya mwaka 1872, na hata sheria yetu ya 1961 imeifuata karibu kifungu kwa kifungu. Basi sheria ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, imetungwa kwa ajili ya Wahindi, ikaelezwa kwa Kiswahili, mwishowe ikafahamika kwa Kifipa, ikiwa ilifahamika. Maana ilipitishwa katika milango mingi, na katika kila mlango alisimama mtu: mkalimani, karani, au mwandishi wa barua wa sokoni. Watu hawa hatuna majina yao katika vitabu vya sheria, lakini ndio waliokuwa wanasheria wa watu wengi.

Hapa pana jambo ambalo naliona kuwa kiini cha historia yote. Katika mahakama za wenyeji zilizowekwa na sheria ya mwaka 1929, mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mahakama za nchi, na Mahakama ya Mwanzo ikawa mahali pa Kiswahili. Hii ilikuwa hatua kubwa, kwa maana mwananchi aliweza kuisikia kesi yake mwenyewe. Lakini katazo la mawakili liliendelea huko kwa miongo mingi, nalo lilikuwa na sababu njema, kwamba tajiri asimshinde maskini kwa kukodi ulimi. Matokeo yake ni haya: palipokuwa na lugha ya mteja hapakuwa na wakili, na palipokuwa na wakili hapakuwa na lugha ya mteja. Mfanyabiashara wa Sumbawanga aliyekuwa na shauri kubwa la mkataba alilazimika kupanda ngazi hadi mahakama ambako hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, akaketi nyuma ya wakili wake kama mgeni katika jambo lake mwenyewe.

Wataalamu hawakulala. Mwaka 1965 A. B. Weston, aliyekuwa akifundisha sheria Dar es Salaam, aliandika katika jarida la *Swahili* juu ya matatizo ya kuieleza sheria kwa lugha ya taifa, na mwaka 1968 ikatolewa orodha ya istilahi za sheria. Kazi hizo zilituonyesha kuwa maneno hayakosekani. Lakini istilahi iliyo katika orodha bado si istilahi iliyo katika hati.

Tulitazame neno *mteja* lenyewe. Leo ni mtu anunuaye dukani au anayetumikiwa na wakili. Katika ngoma za pepo za pwani, hata hivyo, wateja ni wale walio chini ya mganga wao, wanaomtii na kumwachia siri zao. Katika mji ambao jina lake wenyeji hulifasiri kuwa ni agizo la kuutupa uchawi, maana hiyo ya pili haipo mbali. Mtu anayepewa karatasi asiyoweza kuisoma, akaambiwa “weka kidole hapa,” ni mteja kwa maana ya kale: hana la kufanya ila kumwamini ajuaye.

Siasa nazo zilikuwa na sehemu yao. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, mkulima wa Ufipa aliyauza mahindi yake kwa shirika la umma, kwa bei iliyotangazwa kuwa moja kwa nchi nzima. Bei hiyo iliinufaisha sana mikoa ya mbali kama Rukwa. Mkataba wa mtu na mtu haukuwa na kazi kubwa. Bei ilitoka redioni. Mnunuzi wa faragha aliitwa *mlanguzi*, na katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 jina hilo lilikaribia kuwa shtaka. Biashara ilipofunguliwa katika miaka iliyofuata, kazi ile ile ikapata majina mapya: wakala, dalali, mfanyabiashara. Hivyo mkulima akajikuta mbele ya mnunuzi, na katikati yao karatasi.

Wala siasa haikuondoka katika karatasi hiyo. Mwaka 1997 au 2017, kwa mkulima jambo ni moja: auze wapi? Serikali ilipozuia mahindi yasiuzwe nje ya nchi mwaka 2017, aliyekuwa ameahidi kupeleka gunia Zambia kwa njia ya Kasesya alikatazwa na dola kutimiza ahadi yake. Kifungu cha 56 chasema kwamba ahadi ya jambo ambalo baadaye limekuwa haramu hubatilika. Kinga hiyo ni kubwa, lakini humfaa yule tu ajuaye kuwa ipo.

Nilipokuwa Sumbawanga mzee mmoja alinionyesha nakala ya hati ya mkopo wa mpwa wake, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Aliniambia, “Mwalimu, mimi nilishuhudia tu.” Nilisoma, nikaona ya kuwa hakutia kidole mahali pa shahidi, alitia mahali pa mdhamini. Nilipomwuliza alielezwaje siku ile, alijibu, “Waliniambia namsimamia mpwa wangu.” Neno hilo ndilo lililomfunga. *Kumsimamia* mtu ni kuwa upande wake, ni kumwangalia, ni kumwozesha. Na mjomba gani akatae kumsimamia mpwa wake? Aliyefasiri hakusema uongo, wala mzee hakusikia vibaya. Walitumia neno moja kwa maana mbili, na shamba la mzee lilikuwa limewekwa juu ya ile maana ambayo hakuijua. Lau neno *dhamana* lingaliandikwa, pamoja na sentensi moja ya kusema “asipolipa yeye, utalipa wewe,” nadhani kidole kile kingalikawia hewani.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, isipokuwa pale ambapo haki yenyewe yahitaji vinginevyo. Mahakama Kuu ina masjala yake Sumbawanga, na mtu wa Ufipa aweza sasa kutumaini kuisoma hukumu yake. Lakini hukumu huja mwisho, baada ya ugomvi, na hati huja mwanzo. Sheria ile yahusu mahakama. Haikumlazimisha mkopeshaji wala mnunuzi kuandika mkataba wake kwa lugha ya amwekeaye sahihi.

Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya wanasheria peke yao. Yatupasa sisi wa lugha kutoka katika orodha za istilahi na kuzitengeneza hati zenyewe: ya mkopo, ya dhamana, ya kuuza mazao, ya kupangisha ghala; kila moja kwa Kiswahili ambacho mzee wa Ufipa akisomewa mara moja ataweza kukieleza kwa maneno yake. Hicho ndicho kipimo ambacho kifungu cha 13 kimekuwa kikitudai tangu mwaka 1961.